Riwaya Yangu Iko Wapi?

Riwaya yangu ya kwanza ilikufa maji. Sura tisa, madaftari matatu, yote yalilowa mafuriko ya Kilombero yalipoingia chumbani kwetu Mlimba. Wino ukawa uji.

Kaka, mtoto wa mama mdogo, anaandika programu na wenzake Dar. Aliposikia akacheka, halafu akasikitika. "Kazi haikai mahali pamoja, bwana! Sisi kila jioni tunaipeleka winguni, na kila badiliko lina maelezo yake: nani kagusa nini, na kwa nini. Ukiharibu, unarudi ulikokuwa jana."

Mimi nikidhani wingu liko juu! Kumbe ni mashine za watu, nyingine Cape Town, nyingine Ireland, na njia ya kuzifikia ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Basi nikaanza upya, kwenye simu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nimekaa stesheni ya TAZARA, sura ya nne iko winguni, siioni.

"Nakala yako mwenyewe iko wapi?" kaka akauliza baadaye. Sikuwa nayo.

Mtandao uliporudi, sura ilikuwepo. Siku hizi naweka pahala patatu: simuni, winguni, na karatasi kwa shangazi, mlimani kusikofika maji. Kila mwisho wa mwezi naenda kuzikagua, maana kaka anasema nakala usiyoijaribu si nakala. Juzi ukurasa wa 31 sikuukuta. Shangazi kaufungia maandazi.