Masikio ya Mkimbiaji katika Milima ya Rwimbogo

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Katika milima ya Rwimbogo, pembeni kabisa kusini-magharibi mwa Rwanda, yafaa msemo huo uongezewe mwenzake: mwenye masikio asiyazibe awapo njiani. Siku hizi, huko kama ilivyo kwingineko katika Afrika Mashariki, aamkaye alfajiri kukimbia aghalabu hachukui viatu peke yake. Huchukua pia simu mfukoni na vipokea sauti vya masikioni, ambavyo vijana huviita hedifoni. Wengine husikiliza muziki, wengine habari, wengine mahubiri, mawaidha au masomo ya lugha. Je, jambo hilo lamfaa mkimbiaji, au lamdhuru? Hapana mahali pazuri pa kulipima kuliko katika nchi yenye milima, kona nyingi na watu wapendao kusalimiana.

Nchi yenyewe

Rwimbogo ni mojawapo ya tarafa 18 za Wilaya ya Rusizi, katika Jimbo la Magharibi. Wazee wangali wakiita sehemu hizo Cyangugu, jina la mkoa uliokuwapo kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Upande wa magharibi unapita mto Rusizi, ambao ndio mpaka na Kongo. Mto huo hutoka Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, nao huporomoka kwenda Ziwa Tanganyika. Ufikapo uwanda wa Bugarama, zinapokutana Rwanda, Burundi na Kongo, nchi imekwisha kushuka hadi karibu mita 950, na hapo ndipo mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda.

Barabara itokayo mji wa Kamembe kwenda Bugarama hufuata mteremko huo. Msafiri huacha hewa ya baridi ya ziwani, akapita vilima vya migomba, mihogo na kahawa, akapita Mushaka penye parokia ijulikanayo sana kwa kazi ya upatanisho, kisha akashuka katika joto la mashamba ya mpunga. Huko bondeni kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984. Kwa hiyo barabara hii si ya watembea kwa miguu tu. Malori ya saruji hupanda kwa kuguruma, na baiskeli zenye mizigo huteremka kwa kasi bila ya mlio wowote.

Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Rwanda, ambazo ziko nyuma kwa saa moja ya zile za Nairobi na Dar es Salaam. Wakati huo akina mama wamekwisha shika njia kwenda shambani na sokoni, na watoto wanakwenda shule. Mgeni anayekimbia hupita katikati ya watu hao wote.

Redio inayofuata vilima

Simu nyingi za bei nafuu zina redio ya FM ndani yake, na waya wa hedifoni ndio antena yake. Ukiuchomoa waya, redio nyingi za namna hiyo hunyamaza. Mawimbi ya FM nayo husafiri kama mwanga wa taa: hunyoka, na yakikuta mlima mbele yake hukatika. Basi mkimbiaji wa Rwimbogo asikilizaye redio huyajua maumbile ya nchi kwa sikio. Akiwa juu ya mgongo wa kilima, sauti ni safi. Akizunguka kona na kuingia bondeni, huanza mikwaruzo. Akipanda tena upande wa pili, huenda akakuta kituo kingine kimeingia mahali pa kile cha kwanza.

Na vituo si haba. Rusizi ina redio yake ya jamii chini ya Shirika la Utangazaji la Rwanda. Ng'ambo ya mto, katika mji wa Bukavu, Radio Maendeleo ilianzishwa mwaka 1993. Kusini iko Burundi na vituo vyake. Kwa hiyo katika pembe hii ya nchi tatu mtu huzoea kusikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kiswahili, ambacho tangu zamani ni lugha ya Waislamu na wafanyabiashara wa Bugarama, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kijana anayesikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili huku akikimbia hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na hilo si jambo la kubezwa.

Muziki na nguvu za mguu

Tusiseme kwamba anayekimbia kwa muziki anajidanganya. Wataalamu, miongoni mwao Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel huko London, wameichunguza habari hii kwa miaka mingi. Walichokiona ni kwamba muziki unaofaa humfanya mtu ajisikie hajachoka sana, hasa akienda mwendo wa pole au wa wastani. Akili hushughulika na wimbo, ikapunguza kuusikiliza uchovu. Lakini mbio zikiwa kali sana msaada huo hupungua, kwani mwili hupiga kelele kuushinda wimbo. Katika kupanda kilima kirefu, hakuna ngoma itakayomdanganya moyo na mapafu.

Mfano mashuhuri ni wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwezi Februari 1998, katika uwanja wa ndani mjini Birmingham, Uingereza, wimbo wa "Scatman" ulipigwa kwa vipaza sauti kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu mapigo yake yalilingana na mwendo wake. Siku hiyo alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Angalieni lakini kwamba wimbo ule haukuwa wa siri ndani ya sikio lake. Uwanja mzima uliusikia.

Muziki wa sikioni ni mambo mengine, na historia yake si ndefu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, kile kinanda kidogo cha kanda, mwezi Julai 1979. Tangu hapo mtu aliweza kukimbia na bendi nzima ikimpigia peke yake. Viongozi wa michezo waliona hatari mapema. Kanuni za riadha za kimataifa huhesabu redio, simu na vyombo vya namna hiyo kuwa ni msaada usioruhusiwa katika mashindano. Chama cha riadha cha Marekani kiliwakataza wakimbiaji wote hedifoni mwaka 2007, ila mwisho wa mwaka 2008 kililegeza amri hiyo, ikawahusu hasa wale wanaogombea ubingwa na zawadi.

Wimbo wa kikosi

Askari wanaosoma makala haya wamekwisha kujua kwamba muziki wa mbio ni mkongwe kuliko Walkman. Nchini Tanzania, aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, hahitaji kuelezwa mchakamchaka ni nini. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na miguu mia moja hupiga chini kwa pamoja. Katika jeshi la Marekani wimbo wa namna hiyo ulipata umaarufu mwaka 1944, pale askari Willie Duckworth alipoanzisha kiitikio kikosi chake kikirejea kambini Fort Slocum kimechoka, na hatua zikapata uhai mpya.

Faida ya wimbo wa kikosi ni zaidi ya furaha. Aimbaye hupanga pumzi zake. Akishindwa kuimba, ajue mwendo umemzidi. Nayo ni kipimo cha bure ambacho hedifoni haiwezi kumpa. Tena kiongozi husikia nyuma yake ni nani amenyamaza, akapunguza mwendo ili asiachwe. Mtu aliyeziba masikio hajui hata kwamba yeye mwenyewe anahema vibaya.

Kwamba wimbo wa mbio una nguvu, jirani wa Rwimbogo wanalijua vema. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, kukimbia kwa vikundi huku watu wakiimba ni desturi iliyokita mizizi, hasa tangu miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993. Mwezi Machi 2014, baada ya mapambano kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani mjini Bujumbura, wakuu walipiga marufuku mbio za vikundi barabarani mijini, isipokuwa katika viwanja vilivyotengwa. Hakuna aliyewahi kutoa amri kama hiyo kwa ajili ya mtu mmoja na hedifoni zake. Wimbo unaosikiwa na wote huwakusanya watu, na kwa hiyo huhesabiwa. Ule wa sikioni humtenga mtu, ukaisha pamoja naye.

Barabara haina wimbo wa pili

Turudi sasa katika mteremko wa Bugarama. Lori linalopanda husikika kutoka mbali, lakini baiskeli inayoshuka na mzigo wa ndizi haisikiki ila kwa upepo wake, kengele yake, au ukelele wa mwendeshaji. Pikipiki za umeme, ambazo zinazidi kuongezeka nchini Rwanda, nazo hupita karibu kimya. Macho hayaoni nyuma. Ni sikio peke yake lililinzialo mgongo. Mwenye kuliziba ameacha lango moja la boma bila mlinzi, na askari anajua adui hupita wapi.

Mgeni kutoka Kenya, Uganda au Tanzania aongeze tahadhari moja. Kwao magari hupita kushoto, na mkimbiaji mwenye busara hukimbia kulia ili ayaone yanayomjia. Rwanda magari hupita kulia, kwa hiyo mkimbiaji ashike upande wa kushoto. Mazoea ya miaka mingi hayabadiliki kwa siku moja, na mtu aliyezama katika wimbo hurudi katika mazoea yake bila kujua.

Liko pia jambo la adabu. Katika vilima hivi watu hawapishani kimya. Bibi mwenye jembe begani humtamkia mpita njia "Mwaramutse", yaani mmeamkaje, naye hutarajia kuitikiwa. Asiyesikia humpita kama mti. Bibi hajui kwamba masikioni mna ngoma. Ajualo ni kwamba amedharauliwa. Na mgeni aliyekosa salamu amekosa pia habari: kwamba daraja lililo mbele limejaa maji, au kwamba mvua imeangusha udongo katika kona inayofuata.

Mashauri kwa jamaa nyumbani

Hatusemi hedifoni zitupwe. Yako mashauri machache ambayo baba, mama na vijana waweza kuyafuata.

Kwanza, barabarani achwe sikio moja wazi, na liwe lile lililo upande wa magari. Ziko pia hedifoni za mfupa, zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti katika mfupa wa shavu bila ya kuziba tundu. Hizo ni afadhali, ijapokuwa mawazo huweza kupotea vilevile.

Pili, sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari, na kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wanajitia katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kelele za muziki. Lori likipita, usiongeze sauti kulishinda. Ngoja lipite.

Tatu, wakati wa giza, ukungu au mvua, hedifoni zikae mfukoni. Wanawake wanaokimbia peke yao, na wazazi wanaowatuma watoto mazoezini, walizingatie hili kuliko wote.

Nne, muziki mtamu na vipindi virefu vihifadhiwe kwa uwanja wa mpira, au kwa siku ambazo barabara imefungwa. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, ziko Jumapili ambazo barabara fulani hufungiwa magari kwa saa kadhaa ili wananchi wakimbie na kutembea. Hapo mtu aweza kusikiliza apendalo bila ya kumhofia dereva.

Tano, na lililo bora, tafuteni mwenzi. Askari aliye likizoni na awachukue wanawe na majirani, awafundishe viitikio alivyojifunza kambini. Kilima kirefu hufupika kwa sauti za watu watatu. Mtoto ajifunzaye kukimbia kwa kuitikia wimbo hujifunza pia kumsubiri aliyechoka, na somo hilo halimo katika simu yoyote.

Sikio ni mali ya mwenyewe, lakini njia ni ya watu wote. Apitaye Rwimbogo, au njia yoyote ya kwao, na atumie sikio lake kwa yote mawili: alipe wimbo pale panapostahili, naye ailipe njia haki yake. Akifanya hivyo atafika salama, na atakuwa amesalimiana na watu.