Kuvuka Wakati wa Kusi

Ukimwambia mtu kwamba Mafia kuna baridi, atacheka. Mke wangu alicheka. Kwao ni Makete, ambako mwezi wa sita na wa saba sakitu huamkia juu ya majani ya viazi, na mtu husogea kwanza penye moto ndipo asalimie. Mimi nimefundisha Njombe miaka kumi na mmoja, kwa hiyo siwezi kubishana naye juu ya baridi ya nchi kavu. Lakini baridi ya baharini ni ya ukoo mwingine. Kipimajoto cha Kilindoni hakishuki sana chini ya nyuzi 20 hata katikati ya mwaka. Kinachokutesa ni nguo iliyolowa maji ya chumvi, upepo usiopumzika, na saa nne za kukaa mahali pamoja huku huna pa kukimbilia.

Kila ifikapo Mei walimu wenzangu huniuliza habari za kwetu. Wameona picha za Utende na Chole, wanataka kwenda na watoto likizo ya Juni, na zaidi ya yote wanataka kuogelea na papa potwe. Nawaambia ukweli. Papa potwe msimu wake ni kati ya Oktoba na Machi. Juni ni kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili mpaka karibu na Septemba, bahari imeinuka, na wavuvi wengi hawatoki nje ya miamba. Ukiwa na nauli ya ndege ndogo, panda ndege. Kutoka Dar es Salaam ni kama nusu saa, na utashuka umenyooka kama ulivyopanda. Sisi tuko watano, na mshahara ni wa mwalimu. Haya ninayoyasema ni ya wanaopitia Nyamisati.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alipeleka nazi Dar es Salaam, akarudi na mchele, sukari na mabati. Sasa macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na kifua chake hakivumilii hata kusikia habari za Njombe. Binti yetu wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa hajawahi kumshika mkono. Walijuana kwa simu. Jioni alimsimulia habari za nyangumi, ambao kuanzia katikati ya mwaka hupita pwani yetu wakitoka kwenye maji ya barafu huko kusini ya dunia, wanakuja kuzaa penye vuguvugu. Mtoto akashika hilo moja tu: kwa babu kuna nyangumi. Kisha mwaka huu Baba akaacha kuuliza tunakuja lini. Mwenye mzee nyumbani ataelewa kwa nini kimya hicho kilinitisha.

Aliyekuwa hataki ni mke wangu, na alikuwa na haki yake. Alikuwa mwanachuo Dar es Salaam tarehe 18 Julai 2012, siku MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikielekea Unguja. Zaidi ya watu mia moja walikufa au hawakuonekana tena. Msimu ni huuhuu. Tangu hapo amesoma kila alichokipata kuhusu boti ile, na ndiye aliyenifundisha kwamba iliundwa Marekani mwaka 1989, ikavusha watu miaka mingi huko jimbo la Washington, katika maji ya Puget Sound yaliyo mbele ya Seattle. Maji yale ni ya baridi kali, lakini yamekingwa na nchi kavu kila upande. Ikauzwa, ikaletwa huku kwenye maji ya vuguvugu yaliyo wazi.

"Usinieleze ukubwa wa chombo, Baba Mdogo wa watu," aliniambia, kwa lile jina analonipa akiwa amekasirika lakini hataki kugombana. "Nieleze kimeundiwa maji gani."

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Jibu nililokuwa nalo ni kwamba siku hizi kuna MV Kilindoni, kivuko cha TEMESA kilichowekwa kwa ajili ya njia hii ya Nyamisati na Kilindoni, kinachobeba watu na magari pamoja. Nilipokuwa mtoto tulivuka kwa mashua, tumekaa juu ya magunia, na mwanamume mmoja kazi yake ilikuwa kukumba maji tu tangu tunaondoka mpaka tunafika. Mke wangu akasikiliza, akatoa masharti yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, hatuondoki. Majaketi ya kuokolea maisha atayahesabu yeye, na ya watoto atayaona kwa macho. Watu wakizidi, tunashuka, hata kama mizigo imeshapakiwa.

Seattle hiyohiyo ndiko zinakotoka baadhi ya meli kubwa za kitalii zinazokwenda Alaska kutazama barafu ikimeguka baharini, meli moja ikiwa na watu 3,000 na zaidi, mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki. Nimewahi kusoma ushauri wanaopewa abiria wao, na kwa kweli nusu yake ungemfaa mtu wa Nyamisati. Vaa nguo tabaka juu ya tabaka, ya nje iwe ya kuzuia maji. Chumba cha katikati ya meli, chini, kinayumba kidogo kuliko cha juu mbele. Usiweke moyo kwenye bandari zote, maana nahodha akiona hali mbaya ataruka mojawapo. Hapo ndipo tunapoachana. Wao bandari ikirukwa wanakosa matembezi ya alasiri. Kwetu chombo kisipoondoka, kuna mtu atazikwa bila mwanawe, kwa sababu maiti ya Kiislamu haisubiri upepo utulie. Mama yangu alizikwa hivyo, Agosti, mimi nikiwa Nyamisati natazama maji.

Kwa hiyo la kwanza la kutarajia ni kungoja. Barabara ya Kilwa unaiacha Bungu, unaingia njia ya Nyamisati, na unapofika gatini unakuta mambo mawili yanaamua, wala hakuna hata moja lililoandikwa kwenye tiketi. Moja ni maji. Mfereji wa pale una kina kidogo, chombo kinafuata kujaa na kupwa, kwa hiyo saa ya kuondoka leo siyo ya kesho. La pili ni tahadhari ya hali ya hewa. Tulikuta imetoka: upepo wa kufikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Sharti la kwanza likatukamata hapohapo. Tulilala Nyamisati siku mbili, chumba kimoja, chandarua kimoja, mbu wa mikoko wasio na adabu. Watoto walimaliza biskuti zote za safari. Mke wangu alikaa gatini asubuhi na jioni pamoja na akina mama wa Mafia, wakimpa kila mmoja dawa yake ya kichefuchefu: ndimu ya kunusa, tangawizi ya kutafuna, muhogo mkavu, usinywe chai ya maziwa, usiende na tumbo tupu. Nimeona watu wengi wakivuka, na nadhani muhogo una ukweli zaidi kuliko ndimu, ingawa ndimu inakupa cha kushika.

Siku ya tatu tahadhari ikaondolewa. Mke wangu alihesabu majaketi mpaka kijana wa chombo akaanza kumwita mkaguzi. Alipotosheka akaketi katikati, karibu na ngazi, akafunga jaketi la mtoto kwanza, kisha lake.

Saa ya kwanza inadanganya. Unapita kati ya mikoko ya delta ya Rufiji, maji ya kahawia kama chai ya rangi, hakuna wimbi, na mgeni anaanza kuona alitishwa bure. Humuhumu katika delta ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg, mpaka Waingereza walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915, huku ndege zao zikiruka kutoka Mafia kuwaelekeza mizinga ilikoanguka. Ndege za wakati ule, za mbao na kitambaa, katika upepo wa Julai! Huwa nawafikiria marubani wale kuliko ninavyoifikiria manowari.

Halafu maji yanabadilika rangi, na ndipo safari inapoanza. Kivuko kinaelekea mashariki, kimeinama kidogo kusini, na kusi inakuja kutoka mbele upande wa kulia. Haipigi sawasawa. Wimbi linainua omo, chombo kinasita, kinashuka kwa kishindo, na maji yanaruka yakimwagika kama ndoo juu ya walioketi upande huo. Upande huo Baba huuita joshini, na alitufundisha tangu wadogo kwamba joshini hakaliwi na mtoto wala mgonjwa. Kivuko kikubwa kinapunguza hofu, hakiondoi mruko. Wale waliokuwa wakicheka gatini walinyamaza mmoja mmoja. Mtu mzima aliyevaa suti alitapika ndani ya kofia yake kwa heshima kubwa. Mwanangu wa kwanza, anayejiita mwanasayansi, aliniuliza kwa nini baridi inaingia mpaka kwenye meno wakati maji yenyewe yana joto. Nikamweleza habari ya unyevu na upepo, naye akasema ameelewa, akavua sweta lililolowa, akajifunga khanga ya mama yake. Khanga, shuka, mfuko wa plastiki wa nguo kavu: ukisahau yote mengine, usisahau huo mfuko.

Katikati ya mkondo, pale ambapo huoni bara wala kisiwa, binti yetu mdogo alianza kulia. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anataka kuona nyangumi, na kutoka pale katikati haonyeshwi kitu ila migongo ya watu. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa kijivu usoni, ametia ndimu puani kama kizibo. Akasimama, akamshika mtoto mkononi, akapepesuka naye mpaka kwenye benchi la upande wa kulia lenye mwanya wa kuchungulia, akamkalisha pale, mkono mmoja umeshika mkanda wa jaketi, wa pili umeshika chuma. Mtu asiyejua kuogelea, mzaliwa wa milimani, ambaye kwa miaka yote hii haonyeshwi bahari hata kwenye televisheni ila abadilishe. Walikaa hivyo karibu saa nzima, wakipigwa maji. Nyangumi hakuonekana. Mtoto alionyeshwa kila wimbi jeusi akaambiwa labda.

Kisha kisiwa kinakukinga. Hilo nalo litarajie, maana linakuja ghafla: Kilindoni iko upande wa magharibi, na kusi inavunjwa na nchi kavu kabla haijafika. Mruko unapungua, watu wanaanza kuuliziana majina, mtu anagawa machungwa. Minazi inaonekana, halafu gati refu, halafu pikipiki na watu waliokuja kupokea. Mke wangu aliteremka peke yake, hakutaka kushikwa. Alipokanyaga zege la gati alisimama kidogo akiangalia miguu yake.

Baba hakuja gatini. Tulimkuta ameketi barazani, amejifunga shuka begani, uso ameuelekeza barabarani ingawa haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Watoto wakatoa shikamoo kwa zamu, akaitikia marahaba, kila mmoja akampapasa kichwa na kutaja jina lake kabla hajaambiwa. Wa mwisho alisukumwa mbele. Baba akamweka katikati ya magoti, akampitisha vidole usoni taratibu, paji la uso, pua, shavu la kushoto. Alipofika la kulia akasimama. Akasugua kidole gumba na cha shahada, chumvi ilivyokuwa imekauka pale na kwenye nywele za upande ule.

"Nani alimkalisha joshini huyu?"

"Mimi, Baba," akasema mke wangu. "Alitaka nyangumi."

"Akamwona?"

"Hakumwona."

Baba akanyamaza, bado anaisugua ile chumvi. Kisha akamwambia mkwewe asogee karibu, akanyoosha mkono, akalishika shavu lake la kulia pia.

"Mwanangu," akasema, "kaoge kwanza. Maji ya moto yako jikoni."

Tahadhari ya upepo ilitoka tena siku tatu baadaye. Ilibidi nimpigie simu mkuu wa shule.