Mpira ukiisha upepo, kijana abaki na nini?

Msomaji mpenzi, ukipita Gikomba asubuhi mitumba mipya inapofunguliwa, utayaona majina haya yakining'inia juu ya vibanda: Georgetown, UCLA, Kentucky, North Carolina. Vijana wetu huyagombania makoti na fulana hizo na kuzivaa kwa maringo, na si wachache wanaodhani ni majina ya kampuni za nguo. La hasha! Hayo ni majina ya vyuo vikuu vya Marekani, na kilichoyafikisha hadi huku kwetu si maabara wala maktaba za vyuo hivyo bali ni mpira wa vikapu.

Mimi nilikulia mtaani wakati ubavuni mwa matatu palichorwa Michael Jordan akiwa angani, ulimi nje. Nilimjua Jordan wa Chicago Bulls miaka mingi kabla ya kujua kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi kama wewe na mimi. Nilipoingia katika kazi hii ya uandishi ndipo nikaanza kusoma habari za magwiji hao walipokuwa bado wanabeba vitabu. Tangu hapo historia ya mpira wa vyuo imenivutia kuliko ile ya wachezaji wa kulipwa, na leo nataka nikueleze sababu yake. Yawezekana nyumbani kwako pia kuna kijana mrefu asiyeachana na mpira.

Kila mwezi wa Machi vyuo vya Marekani hushindana katika mchuano wa kuondoana ulioanza mwaka 1939. Tangu mwaka 2011 timu za wanaume huwa 68. Ukishindwa mara moja tu, unafunga virago na kurudi darasani. Tena mchezaji ana misimu michache, kwa kawaida minne, kisha hana budi kuondoka. Kwa hivyo timu ya chuo, hata iwe kali namna gani, ni kama mgeni anayepita. Swali ni je, kinachobaki baada yake ni nini?

Usiku wa mwaka 1966

Chukua usiku wa tarehe 19 Machi, 1966. Fainali ilichezwa katika ukumbi wa Cole Field House, jimbo la Maryland. Upande mmoja walikuwa Kentucky, timu iliyoorodheshwa nambari moja nchini, chini ya kocha Adolph Rupp ambaye tayari alikuwa na makombe manne. Wachezaji wake wote walikuwa Wazungu. Upande wa pili walikuwa Texas Western, chuo cha El Paso, mji ulio mpakani na Mexico. Kocha wao Don Haskins, Mzungu wa miaka 36, aliwaanzisha vijana Weusi watano: Bobby Joe Hill, Orsten Artis, Willie Worsley, David Lattin na Harry Flournoy. Hata wawili walioingia kutoka benchi usiku huo, Nevil Shed na Willie Cager, walikuwa Weusi. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kuonekana katika fainali.

Ili uelewe uzito wake, kumbuka kwamba wakati huo vyuo vingi vya majimbo ya kusini havikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Wapo walioamini kwamba mtu Mweusi anaweza kukimbia na kuruka, lakini kupanga mchezo kwa akili hawezi. Basi vijana wa Haskins walicheza taratibu, kwa nidhamu, wakilinda kikapu chao kama mama kuku. Hill alimpokonya mpira mlinzi mmoja wa Kentucky, akaenda kufunga, na sekunde chache baadaye akampokonya mwingine, akafunga tena.

Matokeo yalikuwa 72 kwa 65. Hebu sasa piga hesabu nami. Mchezo ulipokuwa ukiendelea Kentucky walifunga vikapu 27, na Texas Western 22 tu. Walishindaje basi? Walishinda kwa mitupo ya adhabu, ule mtupo ambao mchezaji husimama peke yake na kila mtu anamtazama. Walipewa 34, wakafunga 28. Kentucky walifunga 11. Waliodaiwa kukosa akili ndio waliokuwa na moyo mtulivu.

Haskins aliletewa barua nyingi za matusi baada ya ushindi huo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1967 Perry Wallace wa chuo cha Vanderbilt akawa Mweusi wa kwanza kucheza katika timu kuu za vikapu za ligi ile ile ya Kentucky, akivumilia matusi ya mashabiki katika miji kadhaa. Alihitimu uhandisi mwaka 1970, akasomea sheria, na hatimaye akawa profesa wa chuo kikuu.

Lakini habari hii ina upande wa pili ambao mashabiki hawapendi kuusimulia. Mwaka 1968 jarida la Sports Illustrated lilichapisha mfululizo wa makala ulioshutumu namna vyuo vilivyowatumia wanariadha Weusi bila kujali masomo na maisha yao, na chuo hicho hicho cha El Paso kilitajwa. Siku hizi kinaitwa UTEP, na ndicho alichosomea Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Unaona, msomaji, habari hizi haziko mbali nasi kama tunavyodhani.

Mwalimu wa soksi

Ukitaja timu bora kuliko zote, wengi watakuambia ni UCLA ya kocha John Wooden. Bwana huyu alitwaa makombe 10 katika miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975, na saba kati ya hayo yalifuatana bila kukatika. Timu yake ilishinda mechi 88 mfululizo kabla ya kufungwa 71 kwa 70 na Notre Dame mnamo Januari 1974.

Miongoni mwa vijana wake alikuwa Lew Alcindor, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Siku hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu. Basi Novemba 1965 Alcindor na wenzake wa mwaka wa kwanza walipimana nguvu na kaka zao, waliokuwa mabingwa wa nchi, wakawalaza 75 kwa 60! Katika misimu mitatu iliyofuata alishinda mechi 88 na kushindwa mbili tu. Wakubwa wa mchezo walipiga marufuku mtindo wa kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, marufuku iliyodumu kuanzia 1967 hadi 1976. Alcindor hakulalamika sana. Alijinoa zaidi katika ule mtupo wake wa kupinda mkono juu ya kichwa, na ndio uliomlisha kwa miaka 20 ya kulipwa.

Lakini kinachonivutia kwa Wooden si makombe. Mzee huyu aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili alianza kila msimu kwa kuwafundisha wachezaji wake jinsi ya kuvaa soksi. Naam, soksi! Ikiwa na mkunjo italeta lengelenge, na mwenye lengelenge hakimbii. Tena aliingia UCLA mwaka 1948 na kombe la kwanza akalipata katika msimu wake wa 16. Wazazi tunaotaka mtoto awe wa kwanza darasani muhula huu huu, tusome hapo.

Mpira juu ya meza

Sasa nikupeleke Georgetown, mjini Washington. Kocha John Thompson, pande la mtu, aliweka ofisini mwake mpira uliotolewa upepo. Kila kijana aliyeingia humo aliuona. Maana yake haikuhitaji mkalimani: siku moja mpira utaisha upepo, je, wewe utakuwa na nini mkononi?

Mwaka 1982 Thompson alifika fainali dhidi ya North Carolina. Zikiwa zimesalia sekunde chache, kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan alifunga, ikawa 63 kwa 62. Georgetown walikuwa bado na nafasi. Lakini mchezaji wao Fred Brown, kwa kudhani anampa mwenzake, alimpa mpira adui, James Worthy. Mchezo ukaisha hivyo, mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni. Thompson alifanya nini? Alimwendea kijana yule akamkumbatia. Mwaka 1984 Brown alikuwa bado kikosini Georgetown walipoilaza Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa kombe hilo.

Olajuwon mwenyewe ni mwana wa wafanyabiashara wa saruji wa Lagos, aliyekuwa amezoea mpira wa mikono na kandanda kabla ya kugusa vikapu. Houston haikupata kombe akiwa chuoni, ingawa ilifika nusu fainali mara tatu mfululizo. Hata hivyo mwaka 1984 alichaguliwa nambari moja kuingia ligi ya kulipwa, Jordan akiwa wa tatu.

Mwafrika mwingine alifika kwa Thompson mwenyewe. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Urefu wake ulimvuta uwanjani, lakini aliondoka mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia. Alicheza misimu 18 ya kulipwa. Daktari hakuwa, lakini mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Yeye alifariki Septemba 2024, na hospitali ile inaendelea kutibu watu.

Na mabinti je? Pat Summitt alianza kuifunza timu ya wanawake ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22. Gari la timu aliliendesha mwenyewe na jezi akazifua mwenyewe. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na makombe manane na ushindi wa mechi 1,098. Zaidi ya hayo, kila mchezaji aliyemaliza misimu yake yote chini yake alihitimu masomo. Kila mmoja! Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote nilizozitaja leo.

Swali la jirani

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana mama mmoja jirani yangu alinijia na swali. Mwanawe alikuwa kidato cha tatu, mrefu kama mlingoti, na palikuwa na bwana mmoja aliyejiita wakala. Bwana huyo alitaka pesa za kuandaa makaratasi ili kijana apelekwe Marekani kucheza. Mama alikuwa tayari kutoa akiba yake yote ya chama. "Wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia. "Niambie, nimpe au nisimpe?"

Sikumwambia ndiyo wala la. Nilimsimulia habari za mpira wa Thompson, kisha nikamwomba amuulize bwana yule mambo matatu: chuo kinaitwaje, kocha wake anapatikana kwa simu gani, na kijana atasomea nini. Chuo kinachomtaka mchezaji kweli hutazama matokeo yake ya mitihani, na hakimtumi mtu kudai pesa mtaani. Swali la kozi ndilo lililomshinda yule bwana. Mama akabaki na akiba yake, naye kijana akanuna wiki nzima akiamini kwamba tumemzibia riziki. Nilimhurumia. Katika umri wake ningenuna pia.

Simwambii mtu asiende. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikwenda, akaichezea Connecticut na kufika nayo nusu fainali ya mwaka 2009. Mwaka huo huo alichaguliwa wa pili katika ligi ya kulipwa, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Lakini kufikia mwaka 2014 mechi zake katika ligi hiyo zilikuwa zimekwisha. Kama mchezaji aliyepita kundi zima hilo isipokuwa mmoja aliona miaka mitano tu, yule asiyejulikana wa mtaani kwetu atategemea nini? Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao, lakini mgeni mwenye viza ya masomo bado anabanwa na sheria za uhamiaji.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, binti au kijana wako akikuomba mpira wa vikapu, mnunulie. Nenda ukamtazame akicheza, na akikosea mbele ya watu, mkumbatie. Halafu jioni mkirudi nyumbani, kabla hajaenda kulala, muulize kazi ya hesabu ameimaliza. Na wewe mwanafunzi unayesoma haya ukiwa umevaa koti la Georgetown, sasa unajua kilichokuwa juu ya meza ya kocha wao.