Mwarobaini wa Pwani na Wadudu wa Bustani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huiona miarobaini mingi njiani, na chini yake wazee wameketi kupunga upepo. Asili ya mti huu ni Bara Hindi na Burma. Jina hilo ulipewa kwa kuwa husemwa huponya maradhi arobaini. Ndege na popo hula nyama ya matunda yake na kuziangusha mbegu, nazo hufagiwa pamoja na takataka. Ni hasara kubwa, maana mafuta yamo mle mle ndani.

Mwaka 1959, huko Sudan, mtaalamu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakimaliza majani ya miti mingine, lakini mwarobaini wakauacha.

Mbegu huoshwa, huanikwa kivulini zisiote ukungu, kisha hubanguliwa na kutwangwa. Unga wake hutiwa maji moto kidogo, ukakandwa hata mafuta yatoke. Kijiko kimoja cha chai chatosha lita moja ya maji, pamoja na sabuni kidogo, kwani bila sabuni mafuta huelea tu. Hunyunyizwa jioni, hata upande wa chini wa majani, kwa sababu jua kali huipunguza nguvu dawa hii.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mkulima huamka asubuhi, akawakuta vidukari wangali katika bamia zake, akaitupa chupa. Kumbe dawa haiui papo hapo: mdudu huacha kula, na mtoto wake hushindwa kujivua gamba apate kukua. Hunyunyizwa tena baada ya juma moja, au mapema zaidi ikiwa mvua imeyaosha majani.