Kila mtu alisema binti hasikii, baba akachelewa kuelewa

Ukungu wa jioni ukishaingia Lukozi, watu hufunga milango mapema. Malori yaliyopakia kabichi, karoti na viazi yameshashuka kuelekea Soni na Mombo, na sokoni yamebaki majani yaliyokanyagwa. Katika nyumba moja kando ya barabara iendayo Mtae, mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari huzitumia saa hizo kwa mambo mawili ambayo mke wake ameyazoea: kutengeneza kurasa za tovuti na kuangalia sizoni za upelelezi.

La kwanza alianza nalo chuoni na hajaliacha. Huwaambia wanafunzi wake kwamba mtandao wa tovuti ulianza na pendekezo la Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, na kwamba Aprili 30, 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu wote uutumie bure. "Ndiyo maana hata mimi na wewe tukiwa huku milimani hatumlipi mtu kibali cha kuandika ukurasa," huwaambia.

La pili lilianza na kitabu. Akiwa sekondari alikutana na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960, na Bwana Msa wake mwenye kiko na macho yasiyopitwa na kitu. Kutoka hapo akamfuata Sherlock Holmes, kisha Columbo, yule mpelelezi wa koti lililochakaa anayeaga, anafika mlangoni, halafu anageuka na swali moja zaidi. Siku hizi akienda mjini Lushoto hurudi na flashi imejaa. Kinachomfurahisha zaidi ni kwamba Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Holmes, alikuwa daktari, na alimchora mpelelezi wake kwa kumfuata mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell wa Edinburgh, aliyekuwa maarufu kwa kumtazama mgonjwa vizuri kabla ya kutamka ugonjwa.

Kila usiku wa Jumamosi binti yake wa miaka tisa, aliye darasa la nne, huketi naye kwenye kochi. Tangu Juni mwaka jana ilikuwa hivi: baba anaweka sauti, mtoto anachukua rimoti na kuipandisha. Baba anaishusha. Mtoto anauliza, "Baba, amesema nini?" Baba anaeleza. Dakika mbili baadaye, "Baba, na huyu amesema nini?" Baba alidhani ni udadisi, akafurahi kwamba binti amerithi ugonjwa wake wa mafumbo.

Mambo mengine hayakumfurahisha. Mtoto aliyekuwa akiitwa mara moja anaitika "abee" na kuja mbio, sasa aliitwa mara tatu kimya. Alitumwa chumvi, akaleta kitu kingine. Mama yake akasema binti ameanza kiburi. Bibi yake, aliyekuja kukaa nao msimu wa baridi, akatikisa kichwa na kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ripoti ya shule ilikuja na maneno mawili: "Hasikilizi darasani." Alikuwa wa sita darasani, akashuka hadi wa thelathini na moja.

Jioni moja mwalimu alimwita akiwa anaosha vyombo nyuma ya nyumba, maji ya bomba yakimwagika. Aliita mara nne. Mtoto hakugeuka hata shingo. Baba alikata fimbo ya mwanzi akamchapa miguuni mara mbili. Binti alilia akisema, "Sikusikia, baba." Baba akajibu kama wazazi wengi wanavyojibu: "Ndiyo, hilo ndilo tatizo lako, husikii."

Wiki hiyo alikuwa na kazi iliyomkosesha usingizi. Alikuwa akitengeneza ukurasa mdogo wa bei za mboga ili wakulima wa jirani wauone kwenye simu kabla ya kuelewana na madalali. Kila kitu kilionekana isipokuwa karoti. Kabichi ipo, viazi vipo, safu ya karoti haipo. Alikagua bei, akakagua picha, akailaumu simu, akaulaumu mtandao. Usiku wa pili akaona: alama moja ya kufunga nukuu ilikuwa imesahaulika, na maneno yote yaliyofuata yalikuwa yamemezwa hadi nukuu nyingine ilipojitokeza.

Wanaoandika kurasa wanalijua hilo. Brauza ikikutana na kosa katika HTML, mara nyingi haigomi. Inasoma inachoweza kusoma, inaruka isichoelewa, na inakuonyesha ukurasa uliopungua kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa lipo, ila hakuna anayelalamika.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akiangalia ile hadithi ya Holmes kuhusu farasi wa mashindano aliyeibwa usiku. Ufunguo wa fumbo ni mbwa wa zizini: usiku ule hakubweka. Wote walihangaika na yaliyotokea, Holmes peke yake akauliza kuhusu lililopaswa kutokea na halikutokea. Mwalimu alikuwa anaijua hadithi hiyo kwa moyo. Lakini safari hii, pembeni yake, mkono mdogo ulichukua rimoti ukapandisha sauti, na ikamjia picha ya mtoto anayeosha vyombo. Anayepuuza mwito hukaza mabega, au huharakisha mikono, au huibia kwa jicho. Binti hakufanya lolote kati ya hayo. Hakuna kilichotokea kwa sababu hakuna kilichomfikia.

Hakumwambia mtu. Alichukua daftari, akafanya kama anavyowafundisha wanafunzi wake kutafuta kosa katika programu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika matokeo, usimkamate mshukiwa kabla ya ushahidi. Kwa wiki nzima alimwita binti yake akiwa mbele yake, akiwa nyuma yake, kukiwa kimya, redio ikiwa imewashwa, upande wa kulia, upande wa kushoto. Mwishoni mwa wiki daftari lilisema wazi. Akiwa anauona uso wa baba, mtoto aliitika kila mara. Akiitwa kwa nyuma kwa sauti ya kawaida, mara nyingi hakuitika. Redio ikiwashwa, karibu hakuitika kabisa.

Alipomwonyesha mke wake, mama alikaa chini. Akakumbuka mafua ya Juni ambayo hayakuisha hadi Agosti. Akakumbuka sikio lililouma siku mbili, na bibi akalitia mafuta ya uvuguvugu, likaacha kuuma, wote wakasahau.

Walikwenda hospitali siku ya Jumatatu. Daktari alimwangalia masikio kwa kifaa chenye taa na kueleza kwamba nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na majimaji. Sikio la kati limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo mafua huuziba kwa urahisi, na majimaji yakajikusanya ndani. Mara nyingi hakuna maumivu. Mtoto anasikia kama mtu aliyezama kichwa majini, na kiwango hubadilika: leo anasikia vizuri, kesho hafifu. Ndiyo maana watu wazima husema anajifanya. Mtoto mwenyewe halalamiki, kwa kuwa hajui kwamba wengine wanasikia zaidi yake.

Hakuandikiwa dawa. Daktari alisema kwa watoto wengi majimaji hayo huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu, na akapanga tarehe ya kurudi. Yasipoondoka, angepelekwa kwa bingwa wa masikio, pua na koo, ambaye anaweza kupima usikivu na, ikibidi, kuweka vijirija vidogo kwenye ngoma ya sikio. Kwa sasa akae mstari wa mbele darasani, na anayemsemesha amwangalie usoni.

Njiani kurudi, ndani ya Noah iliyojaa, baba alimwinamia binti yake akamwambia, "Siku ile ulisema hukusikia. Ulikuwa unasema kweli. Nisamehe." Mtoto alimtazama midomo, akauliza, "Unasemaje?" Ikabidi baba arudie kwa sauti, abiria wote wakisikia.

Kiswahili chetu kinachangia kosa hili. Tunasema "mtoto hasikii" tukimaanisha hatii, na tukishasema hivyo tunafunga upelelezi. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya matatizo ya usikivu kwa watoto yanatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, na Machi 3 kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani. Lakini anayeanza kugundua ni mtu wa nyumbani.

Mzazi, angalia haya: mtoto anayepandisha sauti ya televisheni kila mara, anayeuliza "nini?" mara kwa mara, anayekutazama sana mdomo, anayegeuza sikio moja, anayeitika akikuona lakini si akiwa amekupa mgongo, aliyeshuka darasani ghafla baada ya mafua ya muda mrefu, au mdogo aliyechelewa kuongea. Mpeleke akapimwe. Sikio likitoa usaha, usisubiri. Usiingize kitu sikioni: si mafuta, si majani, si unyoya wa kuku, si njiti ya kiberiti, si pamba ya kijiti. Na usivute sigara ndani ya nyumba yenye watoto, moshi wake huongeza maradhi ya sikio la kati.

Binti alirudi kwa daktari baada ya miezi mitatu. Sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto bado lina majimaji kidogo na anaendelea kufuatiliwa. Muhula uliopita alikuwa wa kumi na mbili. Mwalimu bado ana daftari lile, na fimbo ya mwanzi ilitumika kuwashia moto.

Safu ya karoti inaonekana siku hizi. Na Jumamosi moja hivi karibuni, kabla mpelelezi hajafika hata eneo la tukio, mkono mdogo ulichukua rimoti kama kawaida. Baba akasubiri sauti ipande. Ikashuka.

"Baba," binti alisema, "mbona unaweka juu hivyo?"