Nani Atamufundisha Mutoto Wetu Kilatini?

Ndugu msomaji, pengine na weye uko na mutoto katika sekshon ya Latini-Filo. Pengine mwalimu wake wa Kilatini aliondoka tangu mwezi wa kwanza na hakuna aliyekuja pahali pake. Sasa Egzame ya Leta inakaribia, na unajiuliza huyu mutoto ataiandika namna gani. Kwetu Kapalata, pembeni ya mji wa Kisangani, swali hilo liliingia nyumbani mwangu, nami ninakuelezea namna tulivyolitafutia jibu. Labda litakusaidia huko kwenu Kolwezi, Likasi ao kwenye machimbo ya almasi ya huku kwetu.

Binti wa kaka yangu anakaa kwangu. Baba yake anachimba, na mwenyewe alisema machimboni hapana pahali pa binti wa miaka kumi na saba. Basi akanitumia mutoto pamoja na makuta ya shule. Lakini alipopata habari ya sekshon aliyoichagua binti, alinipigia telefone kwa hasira: «Dada, Kilatini kitachimba nini? Mutie mu komersiali.» Nikamujibu kwamba mutoto anataka kusoma sheria pale Universite, na prefe amesema anaweza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Sawa. Lakini akianguka, ni weye.»

Ni maneno mazito hayo. Sote tunajua Egzame ya Leta ni nini katika inchi yetu. Tangu 1967 ndiyo mlango mmoja tu: bila asilimia 50, hakuna diplome, na bila diplome hakuna Universite. Kwanza mutoto anaandika insha ya Kifaransa katika kipindi cha mbele, kisha zinakuja zile siku ine za maswali ya kuchagua jibu. Serikali iliondoa malipo ya shule ya msingi tangu 2019, lakini sekondari bado ni juu ya mzazi: minervali, prime ya walimu, malipo ya egzame. Mzazi anayechimba kwa mwaka mzima analipa yote hayo kwa ajili ya siku ine tu.

Basi tulitafuta repetitere, ni kusema mwalimu wa kumurudilia mutoto masomo nyumbani. Kwa hesabu, utapata kumi. Kwa Kifaransa, utapata wengi zaidi, hata kama wengine wanakiandika vibaya. Kwa Kilatini, watu walinicheka. Kapalata watu wanaijulia kambi yake ya askari, na wakubwa bado wanakumbuka vijana wa Mai-Mai waliotoka Kivu wakafa hapa kwa kolera mwaka 1997. Hakuna anayekuja hapa akitafuta mambo ya Sisero.

Wa kwanza aliyejitoa alikuwa muzee mmoja wa koro ya parokia. Alisema: «Mama, Kilatini ninakijua chote.» Na kweli, aliimba Gloria na Credo toka mwanzo hata mwisho, macho amefunga, mpaka majirani wakasimama barabarani. Zamani misa yote ilikuwa katika lugha hiyo, mbele Mtaguso wa Vatikano kufungua mlango mwaka 1963, na sisi kupata misa yetu ya Kizairwa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Lakini binti alipomuuliza sababu gani hapa wameandika «Deum» na pale «Deus», muzee akamujibu: «Mutoto, ni vile inaimbwa.» Tulimupa chai, tukamushukuru. Sikumucheka. Mtu anaweza kuomba miaka makumi sita kwa maneno asiyoyafungua, na Mungu akamusikia. Lakini wale wa egzame hawasikii namna hiyo.

Wa pili alikuwa kijana wa Universite. Alijua, tena alijua vizuri. Alitaka binti amufwate chumbani kwake saa moja ya usiku, «juu ya kelele za muchana». Nikamuambia aje kwangu saa kumi, kwenye baraza, mbele ya macho yangu na ya kuku wangu. Hakurudi tena. Wazazi, nisikilizeni hapa. Tunajua vizuri kuna pwenti ambazo wasichana wetu wanalipishwa kwa mwili, na tunaogopa kulitaja jambo hili kanisani. Mwalimu mwema hachukizwi na mama anayekaa karibu akichambua pondu. Anayechukizwa, mwache aende zake, hata kama anamujua Virgili kichwani.

Kisha wakaja wale wa maki. Ninyi vijana munaijua neno hili kuliko mimi. Ni nyumba ambamo wafinalisti wanalala pamoja wiki nyingi mbele ya egzame, eti wanajifunza. Sisemi hakuna anayejifunza mule. Kuko makundi ya vijana wenye akili, na mmoja anamwinua mwenzake. Lakini katika ile waliyotuonyesha, niliona chupa nyingi kuliko kaye, na kijana mmoja akanivuta pembeni: «Mama, tutafutie makuta kidogo, majibu yatakuja kwa telefone asubuhi ile ile.» Nilimuuliza: «Na kama si yenyewe?» Akacheka. Watoto wangapi wamelipia majibu ya uongo, wakaandika uongo, wakaanguka! Na hata yangekuwa ya kweli, mutoto angeingia Universite na kichwa kitupu, halafu mwaka wa kwanza ungemurudisha nyumbani. Binti mwenyewe ndiye alisema: «Tantini, twende.» Tukaenda.

Yule tuliyemupata, ni mama wa shirika letu aliyetuonyesha. Alikuwa mwalimu wa sekondari, akapumzika. Zamani alipita seminari ndogo, akatoka, akaoa. Sasa ni mjane, anaishi na wajukuu. Kwa kwenda kwake tulipanda toleka mbili, binti yake na mimi yangu, na wale vijana wa velo wakashindana barabarani kama vile kuko zawadi. Muzee alitupokea na singlandi, akasema: «Mbele ya kunipa kazi, munijaribu.» Nilipenda neno hilo. Nilikuwa nimebeba itemu za miaka iliyopita, nikamupa moja. Hakuonyesha tu jibu la kweli. Alieleza yale mengine yote, moja moja, sababu gani ni ya uongo na mutoto anadanganywa nalo wapi.

Toka siku ile, jaribio langu ni hilo, na ninakupa weye bure. Usimuulize repetitere ana diplome gani. Mpe swali moja la zamani, umwambie: «Nieleze majibu mabaya.» Yule aliyekariri atakamatwa palepale. Hata mzazi asiyejua Kilatini anaweza kuona mtu anayetokwa jasho.

Sasa sikieni namna alivyofundisha, maana mimi mwenyewe, niliyefundisha shule ya msingi miaka mingi, nilijifunza. Binti alikuwa amekariri majedwali ya Kilatini kama vile mtu anavyokariri namba za telefone. Muzee akafunga kaye. Akaandika kwenye tablo: «Kitabu kizuri kimepotea. Vitabu vizuri vimepotea.» Akauliza: «Nani alikufundisha kubadilisha haya maneno matatu pamoja?» Binti akasema: «Hakuna. Inajisema.» Akaandika chini yake: «liber bonus, libri boni». Akasema: «Ni jambo lile lile. Kiswahili kinavaa alama yake kichwani, Kilatini kinaivaa mukiani. Weye ulikuwa unatazama kichwa cha nyoka, na huyu sumu yake iko mukiani.»

Kisha akaandika «Petrus Paulum vocat», na chini «Paulum Petrus vocat». Nani anaita? Katika Kiswahili chetu, ukigeuza majina umegeuza habari: Petro anamwita Paulo si sawa na Paulo anamwita Petro. Katika Kilatini ni Petro tu anayeita mara zote mbili, sababu -um ya mukia inamuonyesha Paulo kuwa anayeitwa, awekwe mbele ao nyuma. Niliona uso wa mutoto unafunguka. Miezi mitano alikuwa anasoma maneno kwa mufululizo kama Kifaransa, halafu anashangaa.

Siku nyingine alimupa hii: «Urbe capta, hostes fugerunt.» Binti akachagua: «Adui waliukamata mji, wakakimbia.» Muzee akamuuliza pole pole: «Nani aliukamata mji? Nionyeshe neno.» Hakulipata, maana haliko. Yale maneno mawili ya kwanza yamekaa peke yao pembeni: mji ulipokwisha kukamatwa, adui walikimbia. Alisema watunga maswali wanapenda kutega hapo kila mara, nao watoto wanaingia kila mara.

Dikshonere yake ilikuwa ile ya Gaffiot, ya Kilatini na Kifaransa, iliyotoka mara ya kwanza 1934. Yake ilikuwa imekatika pande mbili, na ilipoteza kurasa katika vita vya siku sita vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, na makombora yakaangukia nyumba na mashule. Neno likianza na herufi zilizopotea, alilitoa kichwani.

Na nyinyi wa machimbo, alikuwa na neno lenu. Siku moja binti alichoka, akasema Kilatini ni lugha ya wafu. Muzee akamuuliza: «Minervali unalipa kwa lugha gani?» Kumbe minerval lilikuwa tayari kwa Waroma malipo ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Leta tunayoiogopa ilitoka kwa Kifaransa, nacho kiliitoa kwa status. Na egzame? Examen ni ule ulimi mudogo wa mizani, ule unaosimama katikati ao kuinama upande mumoja. Nilimupigia kaka yangu telefone usiku ule, nikamuelezea. Yeye anaujua ulimi huo kuliko sisi sote. Kila juma anausimamia macho kwenye meza ya muuzi wa mawe, akitafuta kama kidole cha mutu kimeugusa. Alicheka sana. Kisha akauliza: «Huyo muzee anataka ngapi?»

Hakutaka mengi. Tulikubaliana makuta kidogo kwa mwezi, na kopo la mafuta ya mawese kila juma mbili. Mara mbili kwa juma, saa kumi, kwenye baraza yake, na mjukuu wake mudogo anakaa pale akichora matope. Wakati umeme wa Tshopo ulikuwa, binti alirudilia usiku. Wakati haukuwa, taa ya mafuta. Mwezi wa pili kulikuwa na watoto wane, maana habari ilienea. Hakuongeza bei. Aliomba tu kila mmoja alete biki nyekundu, sababu yake ziliisha.

Siku za egzame hakuja kutusindikiza. Alisema mwalimu akisimama mbele ya lango la kituo, mutoto anafikiri majibu yako inje.

Zamani tulingoja matokeo kwenye radio na magazeti, na moyo unapiga. Sasa ni telefone: unatuma namba, inarudi. Ilirudi asubuhi, tukiwa tunakwanga mihogo. Asilimia 61. Binti alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisa. Kaka yangu aliposikia alinyamaza muda, mpaka nilifikiri rezo imekatika, kisha akasema atatuma makuta ya inskripsion mwisho wa mwezi, kama shimo halikujaa maji.

Jioni tulipanda toleka tena kwenda kwa muzee. Hakuuliza asilimia. Aliomba zile itemu za mwaka huu, kama mutoto anazikumbuka, aziandike mbele hazijamutoka kichwani, kwani kuko wengine watano wanaoanza mwezi wa tisa. Binti akaomba kaye, akakaa kwenye baraza, akaanza kuandika.