Bonge la udongo ndani ya bilauri

Katika miaka ya 1990 Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa baadaye, mwaka 2012. Nilikuwa sekondari, na habari ya hifadhi ya ardhi ilizungumzwa kila mahali kwa sababu ya HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanzishwa na serikali mwaka 1986. Miti ilikuwa imefyekwa tangu enzi za Mwingereza ili kutokomeza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, huku mifugo ikizidi kuongezeka. Kiangazi kikikaza, akina mama walifukua mchanga wa mto Simiyu kutafuta maji, na kaya nyingi zilipikia mabua na samadi kavu.

Mwalimu wetu wa baiolojia alitutoa darasani akatupeleka kwenye ngitili ya mzee mmoja. Wasukuma wana desturi hiyo tangu zamani: mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa wakati wa ukame kwa ajili ya ndama na maksai wa kulimia.

“Kanyageni taratibu, wanangu,” mzee alituambia. “Hayo ndiyo maisha ya maksai wangu mwezi wa kumi.”

Tulilaza chini fremu ya mbao, mita moja kila upande, tukahesabu kilichoota ndani yake. Tulikuta nyasi za aina nyingi na miche ya migunga iliyojiotea. Mzee aliitaja mimea kwa Kisukuma, akaeleza upi ni dawa ya ng'ombe na upi mifugo huukwepa. Mwalimu aliandika kama sisi. Hatua chache nje ya ngitili, fremu ileile ilizunguka ardhi tupu, visiki vya nyasi na mavi ya mbuzi.

Tulichukua bonge la udongo kila upande, tukayaanika dirishani mwa maabara hadi yakakauka kabisa. Kisha tukayaweka juu ya vipande vya chandarua, tukayatumbukiza kwenye bilauri mbili za maji. Bonge la nje lilitoa mapovu, likamomonyoka pembeni, na baada ya muda mfupi likawa tope chini ya bilauri, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Bonge la ngitili nalo lilitoa mapovu, lakini likabaki zima. Tuliona vijizizi vyembamba vikiwa vimelishikilia.

Mwalimu alieleza kwamba mizizi, majani yaliyooza na viumbe wadogo hugandisha chembe za udongo, hivyo mvua hupata njia ya kuzama. Udongo unaomomonyoka huziba vitundu vyake wenyewe. Maji hutiririka juu, yakabeba tope kupitia mto Simiyu hadi Ziwa Victoria, upande wa Magu.

Jaribio hilo tulilirudia mbele ya dagashida, mkutano wa kijiji unaowatoza faini wanaolisha ndani ya ngitili iliyofungwa. Mama mmoja alileta bonge kutoka shamba lake la pamba, akalitumbukiza mwenyewe, likavunjika. Aliuliza afanye nini. Wazee na mwalimu wakajadiliana naye kuhusu samadi na makinga maji, nasi tukasikiliza.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi Shinyanga zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kazi hiyo ilifanywa na wenye ng'ombe wenyewe, kwa sheria zao wenyewe.

Leo watu wameongezeka na mashamba yanazibana ngitili zilizobaki. Ndiyo maana natamani kila shule ya Simiyu iwe na ngitili inayoitembelea mvua na kiangazi. Bilauri, kipande cha chandarua na mzee anayeijua mimea vinapatikana kila kijiji. Mtoto aliyepima mwenyewe tofauti ya udongo ataweza kusimama kwenye dagashida na kuitetea ardhi hiyo kwa ushahidi.